Zamu ya Kupumzika

Siku hizi uchovu umegeuka sifa. Watu wawili wanakutana kituoni asubuhi wakisubiri daladala, mmoja anasema usiku amesinzia kidogo tu, mwingine anamjibu kwamba yeye hakugusa kitanda kabisa, alikuwa na kazi ya watu ya kumaliza. Wanaelezana hayo kwa fahari. Mitandaoni nako vijana wanahubiriwa kwamba usingizi ni wa wavivu, na kwamba waliofanikiwa walikuwa macho wenzao walipokuwa wakikoroma. Wazo hili nalipinga kwa moyo wote. Limewaaminisha watu wengi kwamba nguvu hupatikana kwa kujilazimisha, ilhali nguvu ya leo iliandaliwa jana, kwa chakula, kwa usingizi na kwa saa ambayo mtu aliruhusiwa kukaa bila kuitwa.

Pita kwenye kijiwe chochote cha bodaboda jijini Dar es Salaam mnamo saa 3 usiku. Kando ya matairi utaona chupa tupu za vinywaji vya kuongeza nguvu. Kijana aliyekalia pikipiki huenda alianza tangu alfajiri kwa kupeleka watoto shule, na mpaka sasa hesabu ya mwenye chombo haijatimia, kwa hiyo hawezi kurudi nyumbani. Anafungua chupa nyingine. Dakika chache baadaye macho yanafunguka, na anaamini ameongezewa nguvu.

Kilichotokea ni kingine. Tunapokuwa macho, ubongo hukusanya kemikali inayoitwa adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyotubana. Kafeini iliyomo ndani ya kinywaji hukaa mahali ambapo adenosini ingetua, ikaizuia kutoa taarifa. Uchovu uko palepale, ila hausikiki. Ni sawa na dereva anayeziba kwa kiganja mshale wa mafuta kisha akaendelea na safari. Tena kafeini haiondoki upesi: kwa watu wazima wengi, baada ya muda wa saa 5 hivi, karibu nusu yake bado imo mwilini. Aliyekunywa saa 3 usiku bado anayo ya kutosha saa 8, na hata akijitupa kitandani usingizi wake huwa mwepesi na wa kukatikakatika. Kesho yake ataamka amechoka zaidi, atanunua tena. Simlaumu kijana huyu. Anayedaiwa hesabu kila siku hana uhuru mkubwa wa kuchagua saa ya kulala.

Kuna watu ambao maisha yao yamenifikirisha sana juu ya jambo hili, nao ni Wahadzabe, wawindaji na waokota matunda wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Ukiwaza mtu anayetembea kila siku kutafuta asali, mizizi na nyama, unamwona kichwani mwako akihangaika kutwa nzima. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vyao, wakaonyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati wanayotumia Wahadzabe kwa siku haitofautiani sana na ya watu wa Marekani na Ulaya, ingawa wao wanatembea zaidi kwa kiasi kikubwa. Inaelekea mwili hujipangia: ukitumia nyingi huku, hubana kwingine.

Halafu mwaka 2020 David Raichlen na wenzake wakaongeza jambo lililonigusa zaidi. Mbali na usingizi wa usiku, Wahadzabe hupumzika muda wa saa 10 hivi kwa siku, karibu sawa na watu wa mijini wanaokaa ofisini. Tofauti ni namna ya kukaa. Wao huchuchumaa au hupiga magoti, misuli ya miguu ikiendelea kufanya kazi ndogondogo, wakati sisi tumezama kwenye viti. Hata hivyo sitaki kuwapamba. Maisha yao ni magumu, na ardhi wanayoitegemea imezidi kumegwa na wakulima na wafugaji. Lakini hawa ambao afya ya mioyo yao huwashangaza madaktari hukaa chini bila aibu, wakachonga mishale, wakasimuliana, wakanyamaza. Hakuna anayemwita mwenzake mvivu kwa sababu ameketi kivulini mchana.

Kwetu mtu akiketi mchana hutafutiwa sababu. Na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu si kila mtu hutafutiwa sababu kwa ukali uleule. Baba akirudi kutoka kazini akajinyoosha kwenye kochi, watoto huambiwa wapunguze sauti. Mama naye amerudi kutoka kazini, pengine kwa basi lilelile, na amepitia sokoni. Anavua viatu akielekea jikoni. Mtazame wakati wa chakula cha usiku: amepakua sahani za wote, amesahau kijiko cha mtu mmoja, amekifuata, amerudi na jagi la maji, amekumbuka mtoto mdogo hajanawa. "Mama, kaa basi tule." "Nakuja wanangu, nyie endeleeni." Anapofika, wali umepoa, na anaula ameketi ukingoni mwa kiti, mguu mmoja nje, tayari kuinuka. Mwezi wa Ramadhani hali hii huwa wazi zaidi. Aliyefunga kama wengine ndiye anayesimama mbele ya moto tangu alasiri, akionja kwa ncha ya ulimi na kutema, ili adhana ya magharibi iwakute wenzake wametandikiwa mkeka.

Na katika nyumba nyingi yupo wa mwisho kuhesabiwa, naye ni dada wa kazi. Analala saa 5 usiku, wa mwisho, baada ya kuosha vyombo na kufunga milango. Saa 10 na nusu alfajiri ameshaamka, uji wa watoto uko jikoni. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima apate angalau saa 7 kwa usiku. Yeye amepata tano na nusu, na mara nyingi bado ni binti ambaye mwili wake unakua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi wa Tanzania Bara asizidishe saa 45 za kawaida kwa wiki, apate muda wa saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na kila wiki awe na saa 24 zake mwenyewe. Dada wa kazi ni mfanyakazi. Wenye nyumba wengi tunaidai sheria hii kwa waajiri wetu, kisha tukifika nyumbani tunaiacha mlangoni.

Ndiyo maana mashauri ya afya yanayotolewa kila siku, ingawa ni mema, huniacha na swali. Tunaambiwa tufanye mazoezi, na Shirika la Afya Duniani limetaja angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Tunaambiwa tulale mapema, tule mboga, tupate muda wa kutulia peke yetu. Yote ni kweli. Lakini wakati mimi nimetoka kutembea jioni kwa ajili ya moyo wangu, nani amebaki na mtoto? Mboga zile amezichambua nani? Utulivu wa mtu mmoja ndani ya nyumba mara nyingi umegharimiwa na mgongo wa mwingine, na sidhani kama tunaweza kuuita uzima ukiwa umesimamia hapo.

Watu husema kazi za nyumbani haziishi. Ni kweli haziishi, na kwa sababu hiyohiyo pumziko haliwezi kusubiri ziishe. Inabidi litengewe saa, lijulikane, liheshimiwe kama inavyoheshimiwa saa ya sala. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili anaweza kusonga ugali na kuosha sufuria; akionyeshwa mara chache ataweza. Baba anaweza kumwogesha mtoto na kumlaza. Jumapili wali uliobaki ukipashwa moto, si aibu. Na dada apewe siku yake nzima, asubuhi mpaka usiku, aende kwa ndugu zake au alale tu. Asipigiwe simu kuulizwa chumvi iko wapi, wala asihojiwe kama mtoto anakokwenda, mradi amesema atarudi saa ngapi.