Usimtishe Mtoto kwa Sindano

Somo: Marko 5:21–43

"Usipomaliza huo uji nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano." Nani kati yetu hajayasikia maneno haya, au hajayatamka? Nyumba nyingi huyachukulia kama utani, kwa kuwa mtoto mwenyewe huenda hospitali mara mojamoja, malaria ikimshika. Lakini ziko nyumba ambamo mtoto anaijua siku yake ya kuchomwa kuliko anavyoijua sikukuu ya Krismasi. Huyo ukimtishia sindano, unamfundisha kwamba anachofanyiwa kila mwezi ni adhabu.

Nawazungumzia watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu tuliozoea kuuita sikoseli. Makadirio yanayotajwa sana hapa Tanzania ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Chembe nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa huu huishi siku 120 hivi. Ya mwenye selimundu huharibika ndani ya siku 10 hadi 20. Wengi wa watoto hawa huongezewa damu pale tu inapobidi. Ila wapo waliokwisha kupata kiharusi, naam, kiharusi, wakiwa bado darasa la kwanza, na kwa hao damu ni tiba ya ratiba: kila baada ya wiki 3 au 4, ikipatikana, wanarudi kutundikiwa. Chupa moja inaweza kuchukua hadi saa 4 kuisha. Muda wote huo mtoto yuko palepale, mkono umefungwa asiukunje, na wenzake wako shuleni.

Yairo tunamfahamu. Mkuu wa sinagogi, mtu mwenye heshima zake, anajitupa miguuni pa Yesu mbele ya umati kwa ajili ya binti yake wa miaka 12. Kisha anasubirishwa, maana njiani Yesu anasimama kumhudumia mama mwingine. (Mzazi yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki anajua Yairo alijisikiaje.) Sisi wahubiri huikimbilia sehemu ya binti kuinuka. Leo naomba tutazame mengine yaliyofanyika chumbani humo: Yesu aliwatoa nje wenye kelele na dhihaka, akawaingiza baba na mama, akamshika mtoto mkono, na binti alipoinuka akaagiza apewe chakula. Hayo yote manne hata mimi na wewe tunayaweza.

Baba na mama waliingia wote wawili. Nikipita wodi ya watoto naona mama, bibi, shangazi, mama tena. Baba ametuma nauli, na nauli ni jambo jema, lakini mtoto hawezi kuegemea nauli. Mtoto aliyekandamizwa kitandani na watu watatu ili apatikane mshipa hukumbuka ule mkandamizo kuliko sindano yenyewe. Mwombe muuguzi, kwa adabu, kama mwanao anaweza kukaa mapajani mwako, mgongo wake kifuani kwako, mkono mmoja ukiwa tayari. Wengine watakubali, wengine foleni itawazuia. Mnyweshe maji ya kutosha tangu asubuhi na mpashe mkono moto, mishipa ionekane. Mpe mapovu ya sabuni ayapulize, kwa kuwa mtoto anayepuliza taratibu hasahau kupumua. Kama mikono yote miwili inafaa, achague mwenyewe, wa kulia au wa kushoto. Usimuulize kama yuko tayari kuchomwa. Akisema hapana na ukaendelea, umemwonyesha kwamba neno lake halina maana.

Na usimdanganye. Hapa nasema kwa ukali, maana uongo huu tunauona mdogo. "Leo hawakuchomi." "Hii ndiyo ya mwisho." Dakika chache baadaye sindano inaingia, na mtoto anajua mambo mawili: kwamba inauma, na kwamba mama hasemi kweli. La kwanza litapita. La pili atarudi nalo nyumbani. Mwambie: itauma, maumivu hayatadumu, nitakuwa hapa, na ukitaka kulia lia, ila mkono usiutikise. Yale ya "jikaze, wewe mwanaume" tuyaache. Bwana wetu alitoa machozi akienda kwenye kaburi la Lazaro, na hakuna aliyemkemea.

Sasa wenye kelele. Wapo ndugu wanaouliza ugonjwa umetoka ukoo gani, huku macho yakimtazama mama. Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, basi swali hilo lifungwe. Na wapo watumishi wenzangu wanaomtangazia mtoto uponyaji kisha wakamwagiza mama aache kliniki. Naamini Mungu huponya. Ninaombea wagonjwa na nitaendelea. Lakini anayemzuia mtoto kwenda kuongezewa damu anacheza na uhai usio wake, na Yesu aliwatoa nje watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Ukienda kumwombea mtoto, sala iwe fupi, itaje jina lake na kile alichokuambia anakiogopa. Usimhubirie. Amefungwa kwenye dripu, hana pa kukimbilia.

Chakula nacho kisidharauliwe. Jumuiya inayopeleka chakula nyumbani kwa mtoto jioni ya siku ya kliniki, na kuwakumbuka wadogo zake waliobaki na jirani kutwa nzima, imeisikia Injili ya Marko vizuri kuliko wengi wetu tunaoifafanua.

Lakini sahani hiyo haimfai kitu mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu jokofu la damu lilikuwa tupu. Damu haina kiwanda. Hutoka kwa mtu. Wala haiwekwi kwa mwaka mzima: chembe nyekundu hutunzwa siku 35 hadi 42, kutegemea mfuko na dawa iliyomo. Kwa hiyo tukijitokeza kwa wingi tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, tukapiga picha na kuondoka, mtoto wa Septemba hatuna tulichomwachia. Kama una miaka 18 hadi 65, afya njema, na uzito usiopungua kilo 50, nenda wiki hii kwenye kituo cha damu salama kilicho karibu nawe. Mwanamume anaruhusiwa kurudi baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Rudini.