Ujira wa Mshika Amana

Swali la kama kiongozi wa chombo cha vijana astahili kulipwa kutokana na fedha zilizochangwa kwa jina la vijana hao, na kama astahili, alipwe kiasi gani, huchukuliwa na wengi kuwa ni swali la mahesabu, ilhali asili yake ni swali la dini na la falsafa, kwa kuwa linagusa mpaka ulioko kati ya ujira na amana. Ujira ni malipo ya kazi, na aliyeifanya kazi hiyo anaweza kuudai mbele ya watu bila haya. Amana ni mali ya mwingine iliyowekwa mikononi mwa mtu ili aitunze, na aliyeipokea hana haki ndani yake ila ile aliyopewa na mwenyewe. Katibu au mkurugenzi wa jumuiya ya vijana, iwe ya msikiti, ya kanisa au asasi iliyosajiliwa serikalini, huvishika vyote viwili kwa mkono mmoja, maana hujilipa ujira kutoka ndani ya amana anayoilinda yeye mwenyewe, na mara nyingi ni yeye huyo anayepima ukubwa wa fungu lake.

Maramba, mji mdogo wa wilaya ya Mkinga ulioko chini ya milima ya Usambara Mashariki, ni mahali panapofaa kulitazamia swali hili. Hapo ipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, chombo cha vijana kilichoasisiwa tarehe 10 Julai 1963, ambacho miaka mitatu baadaye kilikuwa chanzo cha ugomvi kuhusu mishahara ya viongozi ambao hadi leo haujapata mfano wake nchini. Aidha, Maramba imo katika nchi ya mkonge, na mashamba ya mkonge ya Tanga ndiyo yaliyolikuza neno ambalo mjadala wa leo hauwezi kwenda bila kulitaja, yaani posho. Katika kambi za manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali, posho ilikuwa ni chakula, hasa unga wa mahindi, aliopimiwa mtu ili aweze kuamka kesho akajaze siku zake katika kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi. Leo neno hilohilo hutumika kwa bahasha anayopokea mjumbe kwa kuhudhuria kikao, na mwaka 2011 posho za vikao zilifikia kuwa hoja bungeni, pale mbunge Zitto Kabwe alipokataa kuzipokea. Neno lilianza kwa kutaja kiasi cha chini kabisa kinachomwezesha mfanyakazi kuishi, likaishia kutaja nyongeza juu ya mshahara wa mtu ambaye tayari anaishi vizuri. Safari hiyo ya neno moja inaeleza mengi kuliko ripoti nyingi za ukaguzi.

Namna fedha zenyewe zinavyokusanywa pia inastahili kutazamwa kwa karibu. Katika changizo la kawaida la pwani ya Tanga, liwe la kujenga madrasa au la kuwapeleka vijana mashindanoni, mweka hazina hukaa mezani na daftari la mistari, na msomaji husimama akataja kila jina na kila kiasi kwa sauti, kwamba fulani ametoa elfu kumi taslimu, na fulani ameahidi mfuko mmoja wa saruji, na vigelegele hufuata kila jina kwa kadiri ya uzito wake. Mtoaji hana siri. Hata masikini aliyetoa mia tano husikika kwamba ametoa mia tano. Lakini fedha hizo zikishaingia ofisini, upande wa pili wa daftari husomwa kwa jumla, kwa maneno mafupi kama "matumizi ya ofisi", na ndani ya maneno hayo matatu hukaa nauli, chai na mshahara wa mkuu wa chombo.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, haikuwahi kukataa kwamba mkusanyaji alipwe. Aya ya 60 ya sura ya At-Tawba inapotaja makundi manane yanayostahili zaka, inawaweka wanaoitumikia, ambao wanazuoni huwaita amilina, katika nafasi ya tatu, mara baada ya mafakiri na masikini. Wanazuoni walikubaliana kwamba huyo amili hupokea hata akiwa tajiri, kwa sababu anachopokea ni malipo ya kazi na hapokei kwa ajili ya uhitaji wake. Walipohitilafiana ni katika kiasi: Wahanafi waliona asipewe kinachozidi nusu ya alichokusanya, na Washafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani yote ya Afrika Mashariki, walisema apewe ujira wa mfano, maana yake malipo ambayo mtu mwingine angepewa kwa kazi kama hiyo, na fungu lake likizidi ujira huo, ziada irudishwe kwa wenzake saba. Ni kweli kwamba mchango wa hiari si zaka, na mwenye kutumia hukumu hizi nje ya zaka hufanya kiyasi, yaani hupima jambo lisilo na matini kwa jambo lenye matini. Hata hivyo kiyasi hicho kina nguvu, kwa sababu sababu ya hukumu ni moja, nayo ni kwamba mtu amepewa mali ya wengine aifikishe.

Katika mlango huohuo limo jambo jingine lenye uzito zaidi kuliko kiasi. Imamu Shafii aliisoma herufi inayotangulia makundi hayo katika aya kuwa ni herufi ya umiliki, kwa maana kwamba zaka ikishatolewa ni milki ya wanaostahili kuipokea, si ya aliyeitoa wala ya aliyeikusanya. Kwa usomaji huo, anayefaa kuulizwa kama ujira wa mkusanyaji ni halali kwa kiasi chake ni mpokeaji, na katika chombo cha vijana mpokeaji ni kijana. Mijadala ya siku hizi humsahau kabisa. Hubishana kuhusu radhi ya mfadhili na kuhusu sifa za mkurugenzi, na yule ambaye andiko la mradi liliandikwa kwa jina lake huonekana katika picha ya jalada tu.

Hadithi mbili za Mtume Muhammad (S.A.W.) huonyesha kwamba hatari ilijulikana mapema. Ya kwanza ni ya Ibn al-Lutbiyya, mtu wa kabila la Azd, aliyerudi kutoka kukusanya zaka akagawa mzigo mafungu mawili, moja la umma na moja alilodai kwamba yeye amezawadiwa, na Mtume akapanda mimbari akauliza kama zawadi hizo zingemfuata lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake. Ya pili hutajwa mara chache, ingawa inawagusa vijana moja kwa moja: vijana wawili wa ukoo wa Mtume, Fadhl bin Abbas na Abdulmuttalib bin Rabia, walimwomba awape kazi ya kukusanya zaka wapate mahari ya kuolea, naye akakataa kuwaajiri katika mali hiyo kwa kuwa jamaa zake hawakuruhusiwa kuila, kisha akaamuru waozeshwe na mahari yao ilipwe kutoka fungu jingine. Shida yao ilikubaliwa kuwa ni ya kweli, lakini haikuruhusiwa kuwa mlango wa kuingilia kwenye sadaka. Na katika pwani yenye familia nyingi za masharifu, yaani wanaojinasibisha na ukoo huo wa Mtume, mpaka huo haukuwa habari ya kusoma vitabuni tu.

Mfano wa karibu zaidi na kiongozi wa vijana, hata hivyo, ni wa mlezi wa yatima kuliko wa mkusanya zaka. Aya ya 6 ya sura ya An-Nisaa inamwelekeza msimamizi wa mali ya yatima ajizuie ikiwa ni tajiri, na ikiwa ni fakiri ale kwa kile ambacho Kiarabu hukiita maarufu. Wafasiri wa Kiswahili hulitafsiri neno hilo kwa wema, kwa ada au kwa kadiri, na tafsiri zote hizo ni sahihi, lakini Kiswahili kinalo neno lenyewe, na kwa Mswahili maarufu ni kinachojulikana na wengi. Kula kwa maarufu, kwa sikio la pwani, ni kula kiasi ambacho watu wanakijua. Umar bin Khattab alipotawala alijifananisha na mlezi huyo katika mali ya umma, na kabla yake Abubakar, aliyekutwa akibeba nguo kwenda sokoni baada ya kupewa ukhalifa, alipangiwa posho na masahaba wenzake. Kilichofanya posho hiyo isiwe na doa ni kwamba haikupangwa na yeye.

Ukristo ulifika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, anatetea kwa urefu haki ya mhubiri kuishi kwa kazi yake, kisha anakataa kuitumia haki hiyo, akaendelea na ufundi wa kushona mahema. Na alipokusanya mchango kwa ajili ya masikini wa Yerusalemu alikubali kusafiri pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo wa kumlaumu. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliojenga Magila, karibu na Muheza, walikuja bila mshahara, wakipewa mahitaji tu. Huo ulikuwa moyo mkubwa, ingawa inafaa kukumbuka kwamba kutolipwa ni rahisi zaidi kwa asiye na mke wala watoto, na chombo kinachowataka viongozi wa bure hatimaye hupata viongozi wenye mali ya kwao.

Mwaka 1966 maswali haya yalitoka vitabuni. Serikali ilipendekeza kwamba wahitimu wa elimu ya juu walazimike kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu yake kambini na miezi 18 katika kazi zao za kawaida, huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Kwa lugha ya daftari la michango, asilimia 60 ya ujira wa kijana ingekuwa mchango wake kwa taifa, mchango ambao hakuulizwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam na wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu na waraka wao, wakidai masharti yabadilishwe na mwenendo wa viongozi pia ubadilike, la sivyo wangekwenda kambini kwa miili bila nyoyo. Mabango yao yalichoma. Lilikuwamo hata lililodai kwamba enzi ya ukoloni ilikuwa nafuu.

Mwalimu Julius Nyerere aliusikiliza waraka hadi mwisho, kisha akajibu kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Alikubali kwamba mishahara nchini ilikuwa mikubwa mno, na wake pia, akautaja, shilingi 5,000 kwa mwezi, na papo hapo akatangaza kuupunguza kwa asilimia 20. Wakubwa wengine wa serikali nao wakapunguziwa. Kisha waandamanaji, karibu 400, wakafukuzwa chuoni wakarudishwa kwa wazazi wao, na wengi wao hawakukubaliwa tena hadi mwaka uliofuata. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi, hisa katika makampuni, ukurugenzi katika kampuni za watu binafsi na nyumba za kupangisha, masharti ambayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991.

Tukio hilo husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha kiongozi mwadilifu na vijana wenye tamaa, na upande mmoja wa masimulizi hayo ni wa haki, kwani wanafunzi walikuwa wakitetea mishahara ambayo mkulima wa muhogo wa Maramba asingeiota. Ukiuliza nani hasa alikuwa yatima katika kisa hicho, huenda jibu likawa ni mkulima huyo, ambaye hakuwa na bango. Lakini mizani ina upande wa pili. Kuhusu kiasi, rais alijibu kama Umar. Kuhusu haki ya kuuliza, alijibu kama mlezi ambaye yatima wake amebaleghe na bado anamwona mtoto. Waliosema kwamba viongozi wanakula zaidi ya kadiri waliadhibiwa siku ileile ambayo kauli yao ilithibitishwa na mkuu wa viongozi hao kwa kukata mshahara wake mwenyewe.

Watetezi wa mishahara minono katika vyombo vya hisani husema kwamba mtu hodari ana bei, na chombo kisichoilipa kitaongozwa na wasiojiweza. Kwa Kishafii wangeweza kudai kuwa huo ndio ujira wa mfano. Udhaifu wa hoja uko katika neno mfano. Nchini Marekani, William Aramony wa United Way of America, shirikisho kubwa la kuchangisha fedha za hisani, alijiuzulu mwaka 1992 baada ya malipo na matumizi yake, yaliyopimwa kwa mfano wa wakuu wa makampuni, kujulikana kwa wachangiaji, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa kawaida waliokatwa kidogo kidogo katika mishahara yao. Mwaka 1995 akahukumiwa kwa ulaghai. Mfano wa mchangishaji ni nani, mwenye kampuni au mwalimu wa madrasa jirani? Fikihi haikuliacha swali hilo wazi kabisa, kwa kuwa ujira wa mfano hupimwa kwa watu wa kazi hiyo mahali hapo.

Aya ya yatima nayo haikuishia kwenye kula. Inaamuru kwamba mlezi, anapowakabidhi mayatima mali yao baada ya kubaleghe, aweke mashahidi, na wanazuoni wakajadili itakuwaje asipoweka, kisha kijana akasema hakupokea. Abu Hanifa alimwamini mlezi kwa kiapo chake, kwa kuwa ni mwaminifu aliyeaminiwa. Shafii hakumwamini: kwa madhehebu ya pwani hii, mlezi asiye na ushahidi hulipa.