Swali Ambalo Daudi Hakuuliza



Nikiwa darasa la nne pale Musoma, mama alinituma sukari. Mwenye duka akakosea, akanizidishia chenji shilingi 1,000. Nikaificha, furaha tele! Mama alipoiona mfukoni hakunichapa. Aliuliza tu: "Baba, hii si yako. Kwa nini umekaa nayo?" Kisha akanirudisha dukani, jua la saa nane, nikaikabidhi mwenyewe na kuomba msamaha. Njiani nililia kwa hasira. Kwa akina rafiki yangu, kosa kama hilo lilikuwa kichekesho: "Mwacheni, bado mtoto huyo."

Mwaka jana nilikutana na rafiki yangu huyo stendi ya Bunda. Alikuwa amefukuzwa kazi kwa kula pesa za mauzo. Akaniambia, "Wewe mama yako alikuwa anakuuliza. Mimi hakuna aliyeniuliza." Nilikosa la kusema.

Soma 1 Wafalme 1:6. Daudi, aliyemwangusha Goliathi, hakuwahi kumuudhi mwanawe Adoniya kwa kumuuliza kwa nini amefanya jambo fulani. Adoniya akakua akidhani kila anachokitaka ni chake. Akajitangaza mfalme baba yake akiwa bado hai, na mwisho wake ukawa kifo.

Aristotle alifundisha kwamba fadhila hujengwa kwa mazoea. Uaminifu haushuki siku ya harusi wala siku ya ajira. Unaanzia kwenye chenji ya sukari. Dhamiri ni zawadi ya Mungu, ila inahitaji malezi. Mtoto asiyeulizwa hajifunzi kujiuliza. Ndiyo maana Katekisimu (namba 2223) inasema nyumbani ndipo mahali pa kujifunza kujikana na kujitawala.

Hapa kwetu Mara tunaye Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa chifu kabisa, lakini alichunga mbuzi kabla ya kwenda shule Mwisenge akiwa na miaka 12. Kuwa mtoto wa mkubwa hakukumwondolea kazi.

Sisemi wazazi wachape ovyo. Mtume Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi wakate tamaa (Kol 3:21). Fimbo bila swali huzaa woga, na kumwachia mtoto kila kitu huzaa kiburi. Mama yangu alitembea nami mpaka dukani. Huo ndio upendo.

Na wewe uliyelelewa kwa "mwacheni", usikate tamaa, wala usiwachukie wazazi wako. Walikupenda, ila waliogopa machozi yako. Leo usiku, kabla ya kulala, jiulize mbele ya Mungu: "Kwa nini nimefanya hivi?" Kisha nenda kitubio. Baba wa mbinguni hajachoka kukulea.

Mungu akubariki. Tuombeane!