Mstari Baina ya Mtu na Mwenziwe

Kompyuta za leo zaweza kuchora mahusiano ya wafanyakazi wa ofisi moja: kila mtu akawa nukta, na kila uhusiano ukawa mstari. Kabla hatujakisifu chombo hicho, yatupasa tujiulize: ni mstari upi tulio na haki ya kuuchora?

Michoro ya namna hii si migeni. Mwaka 1934, nchini Marekani, Jacob Moreno aliichapisha katika kitabu, baada ya kuwauliza wasichana wa shule moja wangependa kuishi na nani. Tuliweke moyoni jambo hilo: aliwauliza wenyewe.

Wazee wa Mara nao walikuwa na michoro yao, japo waliihifadhi vichwani. Huko Tarime, Mkurya ana egesaku, yaani mlango wa ukoo aliozaliwa; tena ana esaro, rika la waliotahiriwa pamoja naye. Rika huwaunganisha watu wa milango mbalimbali. Huko Serengeti, mwishoni mwa karne ya 19, Waikoma, Wanata na Waishenyi walijipanga kwa marika yaliyovuka mipaka ya makabila yao. Mtu yule yule, basi, husimama katika michoro miwili. Mchoraji ndiye achaguaye upi uonekane. Na kionekanacho ndicho watu wakitumiacho.

Pengine mtu atasema: tuchore koo, ili mkuu wa kazi auone upendeleo na kuukomesha. Upendeleo upo, wala hatuukani. Lakini dawa yake ni kuchunguza maamuzi: nani aliajiriwa, na kwa sifa zipi. Katika Tarime, ambako mapigano ya koo yamepata kuua watu, mchoro wa koo ukitundikwa ofisini hautabaki mchoro. Utakuwa orodha ya wenzetu na wasio wenzetu.

Mstari unaofaa ni ule wa matendo: nani humwendea nani kazi inapomkwama? Hapo huenda tukamwona karani wa masjala, aliye chini kabisa katika muundo wa vyeo, akiwa na mistari mingi kuliko mkuu wake. Na aliye pweke katika mchoro asihukumiwe, aulizwe. Labda ni mgeni aliyehamishwa juzi, labda wenziwe wamemtenga. Tena kila mmoja aweze kuuona mstari wake na kuukataa, maana mchoro uchorwao kwa siri ni upelelezi.

Wahenga walisema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Msemo huo una ukweli wake nyumbani. Lakini mwananchi aletaye shida yake kwenye dirisha la ofisi hahudumiwi na undugu wa damu. Huhudumiwa na watu wasiozaliwa pamoja, walioamua kusaidiana. Huo ndio mstari unaostahili wino.