Wajibu wa Kuinama: Gari Lililoshushwa na Swali la Hatia Isiyokusudiwa

Miongoni mwa maswali ya kale ya maadili limo hili: je, mtu hubeba hatia ya dhara ambalo hakulikusudia wala hakuliona, ilhali lilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeinama kulitazama? Wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili kwa karne nyingi kwa mifano ya ng'ombe, mashimo na mapaa ya nyumba. Katika miji ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, ambako gari dogo lililoshushwa hadi kukaribia lami ni fahari ya baadhi ya vijana, swali hilo linaweza kuulizwa kwa mfano ulio karibu zaidi na maisha ya sasa, nao ni tairi linaloliwa upande wa ndani.

Yafaa kwanza ieleweke kinachotokea gari linaposhushwa. Kushusha gari ni kupunguza nafasi iliyopo kati ya bodi na barabara, ama kwa kufunga springi fupi zilizoundwa kwa kazi hiyo, ama kwa kukata mzunguko mmoja au miwili ya springi iliyokuwapo. Magari mengi madogo yanayotumika Kenya yana mfumo wa mbele uitwao MacPherson, ambamo springi na shoki hushikamana kuwa nguzo moja, na gurudumu hushikiliwa chini na mkono wa chuma unaopanda na kushuka. Bodi ikishuka, mkono huo hubadili pembe yake na kwa kawaida gurudumu hulala, sehemu yake ya juu ikielekea ndani ya gari. Wakati huohuo fimbo ya usukani, ambayo mafundi huiita tairodi, hulisukuma au kulivuta gurudumu, kwa kuwa njia inayopitia haiwiani kikamilifu na njia ya mkono ule. Hivyo hubadilika mambo mawili: kemba, yaani mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele, na uelekeo, yaani jinsi magurudumu mawili yanavyokaribiana au kuachana kwa mbele yakitazamwa kutoka juu. Kazi ya kuvipima vipimo hivi na kuvirudisha mahali pake ndiyo iitwayo alaimenti, na gari lolote lililobadilishwa springi huihitaji, hata kama usukani wake hauvuti upande.

Kati ya mabadiliko hayo mawili, la uelekeo ndilo linalokula tairi zaidi. Gurudumu lililopotoka kwa digrii 1 tu hulazimika kuburutwa upande kiasi cha mita 17 katika kila kilomita moja linayokwenda mbele, na gharama ya kuburutwa huko hulipwa na mpira. Kemba peke yake hula polepole, lakini ikiungana na uelekeo mbaya, uzito na msuguano hukutana kwenye ukingo wa ndani na kuumaliza upesi. Anayepitisha kiganja juu ya meno ya tairi la namna hiyo, kwenda ndani kisha kurudi nje, huhisi upande mmoja wa kila jino ukiwa laini na wa pili ukiwa mkali wa kukwaruza ngozi. Akiendelea hadi ukingoni hukuta kipara, na pengine nyaya za chuma zimeanza kuchomoza. Ukingo wa nje, ambao mwenye gari huuona kila asubuhi, ungali na meno ya kuridhisha. Kiwanda huweka ndani ya mifereji ya tairi vijiinuko vyenye kimo cha milimita 1.6, ili meno yakifikia usawa wake ijulikane kuwa tairi limekwisha, lakini onyo hilo halimfikii asiyeinama.

Sasa na ichukuliwe kwamba tairi hilo linapasuka, au linashindwa kuyakamua maji ya mvua na gari likateleza, kati ya Kitale na Webuye, na mpita njia akaumia. Mwenye gari atasema, na pengine kwa ukweli mtupu, kwamba hakukusudia kumdhuru mtu yeyote. Utetezi huu una nguvu, kwani dini na falsafa huitukuza nia: Uislamu unafundisha kwamba thamani ya tendo hufuata nia ya mtendaji, na katika falsafa Immanuel Kant, mwaka 1785, aliweka utashi mwema kuwa kitu pekee kilicho chema bila sharti. Ikiwa nia ndiyo mizani pekee, basi mwenye gari hana hatia, na ajali hubaki kuwa bahati mbaya au, kama wengi wanavyopenda kusema, mapenzi ya Mungu.

Hata hivyo, sheria za kale hazikuishia hapo. Sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka inatofautisha ng'ombe anayepiga mtu pembe kwa mara ya kwanza na yule aliyekwisha kuzoea kupiga, ambaye mwenyewe alionywa lakini hakumfunga: katika hali ya kwanza mwenye ng'ombe hana hatia, na katika ya pili hatia inamwangukia yeye. Ng'ombe hakutumwa na mtu katika hali yoyote ya hizo mbili, na nia ya mwenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni ujuzi wake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inakwenda mbali zaidi, kwa kumwagiza anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta mfupi juu ya paa lake ili asije akaanguka mtu na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Hapa wajibu unatangulia dhara: hausubiri mtu aanguke, na haumkatazi mwenye nyumba kuwa na paa.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maandiko yake ya maadili yanayohusishwa na jina la Nikomako, alilieleza jambo hilo kwa njia ya hoja. Kutojua, kwa maoni yake, humwondolea mtu lawama pale tu ambapo yeye mwenyewe si chanzo cha kutojua kwake. Aliyeghafilika na jambo ambalo lilikuwa katika uwezo wake kulijua hulaumiwa kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuwa mwangalifu. Kwa kipimo hiki, mwenye gari aliyenunua gari ambalo springi zake zilikatwa na mtu mwingine bila kumwambia yumo katika hali tofauti na aliyeagiza zikatwe. Wa kwanza anaweza kusamehewa hadi siku dalili zitakapojitokeza. Wa pili ndiye aliyeanzisha mabadiliko, na kwa kuyaanzisha amejitwika wajibu wa kuyafuata kila yanakofika, hata penye giza nyuma ya gurudumu.

Fundi naye hawezi kuachwa nje ya hesabu. Katika fiqhi ya Kiislamu, mali inayokabidhiwa kwa fundi ni amana, na imepokewa kwamba khalifa Ali bin Abi Talib aliwabebesha mafundi dhamana ya vitu walivyokabidhiwa, kwa kuona kwamba mambo ya watu hayatengemai bila hivyo. Wanazuoni walihitilafiana kuhusu mipaka ya dhamana hiyo, lakini mantiki yake ni ya wazi: mteja anaijua tamaa yake tu, ilhali fundi anayajua matokeo. Fundi anayekata springi, akapokea ujira na kumwacha mteja aondoke bila kumweleza habari za alaimenti, amekamilisha nusu ya kazi na kuficha nusu ya ukweli, na ukimya wake ni sehemu ya kosa.

Je, basi, lawama ielekezwe kwenye mapambo yenyewe? Swali hili lina uzito maalumu katika eneo hili, kwa kuwa Kanisa la Marafiki, yaani Wakweka, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na ambao kituo chao cha Lugulu kimo katika kaunti ya Bungoma, limerithi mafundisho mawili yanayohusika hapa: usahili, yaani kujiepusha na yasiyo ya lazima, na uadilifu, yaani kulinganisha kinachoonekana na kilicho ndani. Anayeshikilia la kwanza peke yake ataharamisha gari lililoshushwa kwa sababu ni pambo. Lakini hukumu hiyo ni kali kupita kiasi, kwani gari lililoshushwa kwa springi zinazofaa, likapimwa na kurekebishwa, huweza kutulia vizuri kwenye kona, kwa kuwa kitovu cha uzito wake kimeshuka. Fundisho la pili ndilo linalogusa kiini: kosa huanza pale ukingo wa nje unapotunzwa ili utazamwe, na ukingo wa ndani ukaachwa uoze.

Yupo atakayepinga kwamba alaimenti ni gharama, na kwamba vijana wengi wenye magari haya hawana fedha za ziada. Ni kweli kwamba umaskini hupunguza lawama, lakini hupunguza lawama ya yale ambayo mtu hakuweza kuyaepuka, na hakuna aliyelazimishwa na umaskini kushusha gari. Zaidi ya hayo, barabara si mali ya mwenye gari peke yake. Katika msimu wa mavuno kandokando yake hujaa matrekta yaliyobeba mahindi. Asubuhi hupita wanafunzi na boda boda. Na katika Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, wakati wa tohara ya Wabukusu, vijana wanaojiandaa kutahiriwa huipita na kengele zao mikononi, wakifuatwa na makundi ya waimbaji, kwenda kuwaalika jamaa. Watu hao wote hawakushauriwa springi zilipokatwa, na furaha ya gari hilo si yao, bali hatari yake ni yao sawasawa na ya mwenyewe.

Kwa hiyo hukumu ya haki si kwamba gari lisishushwe, bali kwamba anayelishusha ahesabu alaimenti kuwa sehemu ya kazi hiyohiyo na ya bei hiyohiyo, na asiyeweza kulipia yote mawili asianze lolote. Fundi na aseme ukweli kabla ya kushika msumeno. Mwenye gari naye na aukate usukani hadi mwisho, ashuke, ainame, apitishe mkono kwenye ukingo wa ndani wa kila tairi, na afanye hivyo kila mwezi, maana baada ya kuyajua haya hawezi tena kusema kwamba hakujua.