Dhahabu ya Kuvaa na Swali la Zaka
Huko Griftu, kaunti ya Wajir, ambako Waislamu hufuata zaidi madhehebu ya Shafii, kidani cha dhahabu huweza kuongoza uteuzi wa dirac, yaani gauni pana na jepesi la Kisomali, pamoja na mtandio wake. Hapo huzuka swali la kifiqhi, iwapo dhahabu ivaliwayo kila siku ni pambo au ni mali ya kutolewa zaka. Kauli yenye nguvu kwa Washafii huisamehe zaka maadamu matumizi yake ni halali na hayana israfu, ilhali Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, huidai dhahabu ikifikia nisabu, kiwango cha chini cha takriban gramu 85. Hoja ya Wahanafi ni nzito, kwani mfugaji aliyepoteza ngamia kwa ukame huweza kukiuza kidani hicho. Lakini Washafii, na si bila sababu, hutazama nia, na anayeinunua dhahabu ili ailimbikize huitolea zaka hata kwao.