Deni la Jina

Mnamo mwezi wa Novemba, mwaka 1861, John Hanning Speke na mwenziwe James Augustus Grant waliingia Karagwe, wakapokewa kwa ukarimu mkubwa na Mfalme Rumanyika katika makao yake ya Bweranyange. Yaliyopita kati ya wageni na mwenyeji wao yamesimuliwa mara nyingi: mazungumzo juu ya milima na maziwa, wake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa, na maradhi ya mguu yaliyomzuia Grant asifuatane na mwenziwe kwenda Buganda, Januari 1862. Walakini katika baraza lile palikuwa na jambo jingine lisilopata msimulizi. Watu wawili waliotajiana majina hawakutajiana kitu cha namna moja. Mgeni alitaja jina lililotumiwa na baba yake, na babu yake, na wazee wa karne nyingi nyuma yao. Mwenyeji alitaja jina lake mwenyewe. Baba yake aliitwa Ndagara. Katika tofauti hiyo limo swali ambalo hata leo halijapoa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Je, jina ni mali ya yule anayeitwa, au ni mali ya waliomtangulia naye ni mchukuzi tu? Na ikiwa ni mchukuzi, yampasa kuchukua na madeni yao?

Speke ni jina adimu la Kiingereza. Wajuzi wa majina hulinasibisha na neno la Kifaransa cha kale la kumtaja kigogota, ndege yule agotaye miti kwa mdomo. Yaelekea kuwa mtu fulani wa zamani alitaniwa kwa jina hilo, labda kwa urefu wa pua yake, labda kwa kelele zake. Utani wa namna hiyo hufa pamoja na aliyetaniwa. Lakini baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, desturi ya kurithisha jina ilianza kushika mizizi kwa mabwana wenye ardhi, kisha ikashuka polepole kwa watu wa kawaida. Sababu yake haikuwa mapenzi ya wazee peke yake. Mwenye shamba alitaka hati yake imtambue mwanawe, na mtoza kodi alitaka kumpata mwana pale alipomwacha baba. Mwaka 1538 kila parokia iliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko katika daftari, na majina yaliyokuwa yakibadilika yakazidi kuganda.

Ramani ya jina hili si kubwa. Katika Devon, kusini-magharibi ya Uingereza, kiko kijiji kiitwacho Brampford Speke, ambacho hata leo kinachukua jina la mabwana wake wa karne ya 12. Kutoka huko ukoo ukajijenga Somerset, hasa Whitelackington. Mgeni wa Rumanyika alizaliwa Devon mwaka 1827, akazikwa Dowlish Wake, Somerset, mwaka 1864. Safari yote ya kwenda Nyanza na kurudi haikumtoa katika mipaka ya jina lake. Mtu akitazama ramani bila kuuliza aweza kudanganyika, kwa kuwa karibu na Liverpool pana mahali paitwapo Speke ambapo chimbuko la jina lake ni jingine kabisa. Sauti ni moja, damu ni mbali mbali. Tahadhari hii si ndogo, na itafaa kukumbukwa tutakaporudi kwenye kingo za mto Kagera.

Faida za jina la kurithi ni dhahiri, na watu waliolizoea huzitaja upesi. Hasara zake hutajwa kwa nadra, na ukoo huu wa Speke unao mfano mmoja wa kuogofya. Mwaka 1685 Duke wa Monmouth aliasi dhidi ya Mfalme James wa Pili, akashindwa Sedgemoor, na Jaji George Jeffreys akatumwa kuwahukumu waasi wa nchi ya magharibi. John Speke alikuwa amejiunga na uasi, akakimbia. Ndugu yake Charles alikamatwa. Husimuliwa ya kuwa Jeffreys aliarifiwa kwamba huyu siye aliyekusudiwa, na kwamba akina Speke ni wawili. Naye akajibu kuwa ukoo ule unadaiwa roho moja, basi huyu na afe badala ya mwenye jina lake. Charles Speke alinyongwa sokoni Ilminster.

Yafaa kukaa kidogo na neno hilo la jaji, kwa sababu halikuwa wazimu mtupu. Lilikuwa hesabu. Ikiwa jina ni moja, na likiwa limebeba mashamba, heshima na viti vya Bunge kutoka kwa baba hadi kwa mwana bila mtu kulalamika, kwa nini lisibebe na kamba? Aliyekubali kurithi sifa asiyoifanyia kazi amekwisha kulikubali nusu ya shauri la Jeffreys. Nusu ya pili ndiyo iliyomuua Charles.

Sasa na itazamwe Karagwe. Kwa desturi ya Wanyambo, na ya jirani zao Wahaya, jina alilopewa mtoto halikuwa la baba yake. Lilitungwa au kuchaguliwa kwa ajili yake, na aghalabu lilikuwa sentensi nzima: shukrani, malalamiko, sala, onyo kwa jirani, kumbukumbu ya msiba. Tumusiime ni kusema tumshukuru. Byarugaba ni vitu vya Rugaba, Mungu Mgawaji. Tibaijuka ni kusema hawakumbuki, na msikiaji huachiwa kufikiri ni akina nani wasiokumbuka, na ni wema gani waliousahau. Nshekanabo ni nacheka nao. Na neno lililofichwa nyuma ya kicheko hicho halihitaji mkalimani, maana kila mtu amewahi kucheka na watu ambao hawakumpenda. Hata katika Rumanyika limo tendo la kujulikana. Ndugu watatu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata herufi, na hapana mtu aliyewadhania kuwa si ndugu.

Majina haya husema. Kigogota aliyemo katika Speke amekufa zamani. Mwingereza alisikiapo jina hilo hasikii ndege. Mnyambo asikiapo Nshekanabo husikia ugomvi wa ua kwa ua. Uhai huo wa maana una masharti yake. Jina lasema kwa kuwa limefungwa kwa mtu mmoja na siku moja. Baba aliyemwita mwanawe hivyo alikuwa na shauri na majirani wake, na shauri lile lilitarajiwa kuzeeka na kuzikwa.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa jina halirithiwi, asili ya watu ilijulikanaje? Ilijulikana kwa ukoo, na ukoo haukuwa sehemu ya jina. Wahinda hujinasibisha na Ruhinda, na matawi yao yalitawala Karagwe, Nkore, Ihangiro, Kyamutwara na Uzinza. Mwiko wao ni nkende, tumbili. Kabla ya Ruhinda, kwa masimulizi aliyoyakusanya Israel Katoke katika historia yake ya ufalme wa Karagwe iliyochapwa mwaka 1975, alitawala Nono wa ukoo wa Wasita. Na Wasita wako Karagwe, wako Nkore, wako Rwanda. Ukoo ulisema nani asioane na nani, nyama gani isiliwe, na msafiri aliyevuka mto alale kwa nani. Kwa hiyo anayetaka kuchora ramani ya mtawanyiko wa watu, kama Henry Guppy alivyochora ya majina ya wakulima wa Uingereza katika kitabu chake cha mwaka 1890, hapa hatachora kwa majina. Atachora kwa koo, na ramani yake itapita juu ya mipaka ya nchi tatu kana kwamba haipo.

Ndipo likaja karatasi. Misheni iliandika Yohana na Paulina. Shule iliongeza jina la baba. Ofisi ikataka majina matatu, na la tatu ikaliita jina la ukoo. Hapo kosa likaingia kimyakimya. Kilichoandikwa katika nafasi hiyo si ukoo. Ni neno alilolisema babu wa babu siku fulani ya masika, juu ya watu ambao makaburi yao hayajulikani tena. Kijana aliyezaliwa Dar es Salaam, asiyejua Kinyambo, anajiandikisha chuoni kwa jina la Nshekanabo, na kwa maisha yake yote atacheka na majirani ambao hakuwaona. Ndugu waliopewa kila mmoja jina lake hutakiwa kuapa mbele ya wakili ya kuwa baba yao ni mmoja. Wengine huona ni jambo la kuchekesha. Kwa anayetafuta mirathi au mkopo wa masomo si la kuchekesha hata kidogo.

Wala taabu haikomei ofisini. Karagwe na Kyerwa, ambayo ilitengwa nayo kuwa wilaya mwaka 2012, zimepakana na Rwanda na Uganda. Majina kama Mugisha na Mbabazi, yaani baraka na huruma, yamejaa pande zote za mto. Julai 2013 serikali iliwaamuru wahamiaji wasio na vibali mkoani Kagera waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Waliovushwa mpaka walikuwamo watu waliokaa Tanzania kwa miongo mingi, na wengine waliodai kuwa ni raia. Serikali ina haki ya kulinda mpaka wake. Hilo halina ubishi. Lakini mahali ambapo jina, sura na lafudhi ni vya pande zote mbili, mtu anayetakiwa kuthibitisha asili yake hujikuta hana cha kuonyesha ila vitu visivyothibitisha kitu. Ni lile kosa la Speke wa Devon na Speke ya Liverpool, ila hapa anayekosewa amesimama kando ya barabara na godoro lake kichwani.

Dawa ya haraka humjia kila mwenye akili ya mpango: ukoo na uandikwe. Nafasi ya jina la ukoo ijazwe ukoo wenyewe, Muhinda au Musita, na jina la mtu liachwe liwe lake. Kwa mantiki, shauri hili halina kasoro. Kwa historia, linatisha. Ng'ambo ya mto, katika miaka ya 1930, Wabelgiji walitoa vitambulisho vilivyoandika ubwoko wa kila mtu. Katika Kinyarwanda neno ubwoko lilitumika pia kwa maana ya ukoo. Vitambulisho vililitumia kwa Mhutu, Mtutsi na Mtwa. Jambo lililokuwa likisemwa kwa mdomo, na lenye njia zake za kulegea kwa ndoa na urafiki, likawekwa mhuri. Mwaka 1994 kadi hizo ziliombwa kwenye vizuizi vya barabarani, na waliozisoma hawakuhitaji kuuliza zaidi. Jeffreys alikuwa na Speke mmoja mkononi. Hawa walikuwa na daftari.

Basi lile linaloonekana kuwa upungufu wa majina ya Karagwe, yaani kwamba hayamwambii mgeni mwenye jina ni wa nani, huenda ndilo lililo bora ndani yake. Tumusiime hadaiwi deni la Tumusiime mwingine, maana hakuna anayedhani kuwa ni jamaa yake. Mtu huja duniani na neno jipya, na aibu ya baba yake haina anwani ya kumfuatia.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kuishia hapo, kwa sababu yuko mtu ambaye jina la kurithi humlinda. Ni yatima. Baba akifa, na shamba la migomba na kahawa likagombaniwa na ami zake, mtoto ambaye jina la marehemu limo katika cheti chake cha kuzaliwa ana ngao; asiye nalo hutegemea ushahidi wa wazee, na wazee hao aghalabu ndio wanaoligombea shamba. Mjane naye yu katika hali hiyo hiyo, na mashaka yake ni makubwa zaidi. Asifiaye uhuru wa jina lisilorithiwa na afike kwanza kwenye baraza la kata siku ya shauri la mirathi, aone ni nani anayefaidi uhuru huo.

Nyumba nyingi za Kayanga na Nkwenda hazikungoja wanazuoni wamalize. Humpa mtoto jina lake la Kinyambo, jipya, lenye habari ya siku yake. Jina la baba huandikwa mwisho, kwa ajili ya cheti, shule na shamba. Ukoo hauandikwi. Mgeni akiisha kuketi na kupewa maji, mzee wa nyumba humuuliza kwa sauti ya chini yeye ni wa watu gani, naye hujibu kwa mdomo.